Unanunua mawe ya msingi Ilula? Jua kwanza yametoka wapi

Ukimaliza kupanda Kitonga, ukifika Ilula macho yanaenda kwenye nyanya na vitunguu vya barabarani. Lakini angalia na mawe. Mengine ni makubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu.

Mengi ya ukanda huu wa Iringa ni graniti na miamba ya jamii yake. Graniti ni mwamba moto: uji wa mawe uliopoa ukiwa bado chini ya ardhi, tena polepole sana. Punje zake zikapata muda wa kukua, ndiyo maana ukipasua kokoto unaziona kwa macho tu, nyeupe, za pinki na nyeusi. Kule Tukuyu, Mbeya, mambo ni tofauti. Uji wa volkano ulimwagika juu ukapoa haraka, jiwe likawa jeusi na punje huzioni. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira ni jiwe la aina hiyo.

Sasa graniti imefikaje juu? Haikupanda peke yake. Kilichoifunika kililiwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka. Maji yakaingia kwenye nyufa, kona zikalika kwanza, jiwe likabaki mviringo. Gangilonga pale Iringa mjini ni mfano mzuri.

Kuna pia miamba geu. Fikiria tofali la kuchoma: udongo ule ule, ila moto umeugeuza. Ardhini moto unasaidiwa na mgandamizo. Upande wa Isimani iko miamba iliyogeuzwa hivyo takriban miaka bilioni 2 iliyopita.

Na jiwe likichakaa linakuwa mchanga na udongo. Vikisombwa na kutulia sehemu moja, vinajipanga tabaka kwa tabaka. Nguzo za Isimila ni tabaka hizo, zilizochongwa tena na mvua.

Hapo ndipo mjenzi aangalie. Jiwe la graniti lililoanza kuoza huwa na rangi ya kahawia, punje zinapukutika ukilikwangua, na ukiligonga kwa nyundo linatoa sauti nzito, iliyokufa. Jiwe zima linalia. Gonga machache kabla lori halijamwaga, maana likishamwaga kurudisha ni kesi nyingine.