Rhino Camp haina kifaru

Mwezi wa Agosti tulipewa kazi ya kuchora ukuta wa nyumba ya vijana kule Rhino Camp. Mimi ninafanya kazi na vijana wa Lobule, wilaya ya Koboko, kwa hiyo nilipanda gari na vijana sita, tukapita Arua kununua rangi, na jioni tukafika Ofua vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Wenyeji wetu, wengi wao watoto wa Sudan Kusini, walitaka picha ya kambi yao. Mmoja akasema si tuchore tu rhino, maana jina la kambi ndilo hilo. Nikasema vizuri, tuchore kifaru. Nikagawa makaratasi na kalamu.

Mtoto mmoja wa miaka 14, Mkongo kama mimi, akanirudishia karatasi yake wa kwanza. Alikuwa amechora minyororo ya magurudumu, mnara juu, na mtutu mrefu unaotazama upande wa choo.

Nikamwuliza, "Hii ni nini?"

"Dada, si umesema kifaru?"

Hakukosea. Kiswahili chetu kimeyapa yote mawili jina moja: mnyama mwenye pembe puani, na gari la chuma la jeshi. Tofauti iko kwenye sarufi tu, kwamba mmoja anakuja na kingine kinakuja. Na katika watoto wale wote, wa Kongo na wa Sudan Kusini, waliowahi kuona kile cha chuma walikuwa wengi. Yule wa nyama na damu hakuna aliyemwona. Hata mimi sijamwona, ingawa nilizaliwa karibu naye kuliko wote, na hilo nitalifikia.

Msichana mmoja wa Ofua akauliza swali lililonifunga mdomo: "Sasa kama hapa ni kambi ya rhino, rhino wenyewe wako wapi?" Nikamwahidi jibu. Nimelitafuta kwa miezi, kwenye simu na kwa wazee, na nimekuta mambo ya ajabu kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo naandika hapa, maana najua ataisoma.

Tuanze na ardhi. Upande huu wote wa magharibi ya Nile, Arua, Koboko, mpaka Yei na juu zaidi, zamani uliitwa Lado. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Lado Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yule yule wa mpira na mikono iliyokatwa. Alikodishwa kama mtu anavyokodishwa nyumba, kwa muda wa uhai wake. Baadaye, mwaka 1906, wakakubaliana kwamba akifa, baada ya miezi sita ardhi irudi Sudan, ambayo nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Leopold akafa tarehe 17 Desemba 1909. Wabelgiji wakakabidhi mwezi wa Juni 1910. Kisha mwaka 1914 kipande cha kusini kikakatwa na kupewa Uganda, na Arua ikafanywa makao ya wilaya mpya ya West Nile. Yaani mzee aliyezaliwa Koboko mwaka 1900 alikuwa mtu wa Leopold, akawa mtu wa Sudan, akawa mtu wa Uganda, bila kuhamisha mafiga yake hata mara moja. Siku hizi ukitaka kuona matokeo yake, nenda Salia Musala, hapo Koboko, ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana. Mbuzi wanaivuka kila siku.

Sasa angalia tarehe hizo vizuri. Leopold amekufa Desemba, makabidhiano ni Juni. Katikati, Januari 1910, wakati mwenye nyumba wa zamani amezikwa na wa mpya hajaingia, nani anashuka kwa mashua kutoka Butiaba, Ziwa Albert, na kupiga kambi kwenye ukingo wa Nile? Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani mpaka Machi 1909. Alikuwa amemaliza urais, akapanda meli, akashuka Mombasa mwezi wa Aprili na mwanawe Kermit na wataalamu wa wanyama, kwa niaba ya jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington. Walikuwa wanakusanya wanyama wa kuonyeshwa. Safari nzima, kutoka Mombasa mpaka Khartoum, ilikusanya zaidi ya wanyama 11,000, tukihesabu na panya na ndege.

Hapa kwetu alikuja kwa kitu kimoja: kifaru mweupe wa kaskazini. Wazungu walikuwa ndiyo kwanza wamempa jina la kitaalamu, mwaka 1908, kutokana na mnyama aliyeuawa Lado na mwindaji Mwingereza aitwaye Powell-Cotton. Wakamwita *cottoni*, jina la huyo mwindaji. Mimi hilo lilinichekesha kwa uchungu. Unapigwa risasi, halafu ukoo wako wote unaitwa jina la aliyekupiga.

Na si mweupe, mjue. Ni rangi ya kijivu, au rangi ya tope alilogaagaa siku hiyo. Yule anayeitwa mweusi naye ni kijivu. Ukitaka kuwatofautisha angalia mdomo: mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvuta majani ya vichaka, mweupe ana mdomo mpana uliokatwa sawa kama koleo, wa kula nyasi chini. Nilipowaeleza hivyo vijana, mmoja akasema, "Basi huyo mweupe iko kama ng'ombe." Ndivyo. Ni mnyama mpole wa kuchunga nyasi, anasikia vizuri lakini macho yake ni mabovu, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kumsogelea na bunduki.

Roosevelt aliua watano. Kermit wanne. Ngozi zilikwanguliwa, zikapakwa chumvi, zikasafirishwa mpaka Washington. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 aliandika mambo mengi, hata majina ambayo wapagazi waliwapa. Yeye waliita Bwana Mkubwa, na mwanawe, kijana wa kupenda kujipamba, wakamwita Bwana Maridadi. Ameyaandika kwa tahajia yake ya kusikia tu, ila ukisoma unatambua Kiswahili chetu mara moja. Nilifurahi, lazima niseme kweli. Kiswahili kilifika kwenye ukingo huu wa Nile, kikamtania rais wa Marekani, na yeye akapeleka utani huo nyumbani kwao bila taabu.

Siwezi kusema vifaru wa West Nile waliisha kwa sababu ya Roosevelt. Tisa ni tisa. Na yeye alijitetea kwamba makumbusho yanahitaji mnyama huyu kabla hajatoweka, jambo ambalo lina ukweli wake, ingawa ni sawa na mtu kula kuku wako wa mwisho ili akumbuke ladha. Mbaya zaidi walikuja baada yake. Wabelgiji walipoondoka Juni 1910 na Sudan bado haijashika vizuri, wawindaji wa pembe za ndovu walivuka Nile kwa wingi, kila mtu na bunduki zake, kama soko lisilo na askari. Mpaka leo jina la siku zile za wawindaji limebaki kwenye mji mdogo wa bandari, na kutoka kwenye mji likarithiwa na makazi yetu ya wakimbizi: Rhino Camp. Ofua, Ocea, Siripi, Eden, Tika, zote ziko chini ya jina la mnyama.

Vifaru wenyewe walidumu muda. Miaka ya 1960 serikali ya Uganda ilitenga hifadhi ya Ajai, si mbali na Rhino Camp, kwa ajili yao. Wengine walikamatwa, wakavushwa Nile hadi Murchison ili wawe salama zaidi. Kisha ikaja miaka ya Amin, na vita ya 1979, na bunduki zikawa nyingi kuliko majembe. Hapo ndipo vifaru viwili vya Kiswahili vilipokutana: vile vya chuma vilikuja, na wale wa nyama wakaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikubaki na kifaru wa mwituni hata mmoja. Watu wa hapa nao walikimbia. Mama mwenye shamba ninapokaa Koboko alivuka kwenda Zaire na mtoto mgongoni, akalala chini ya miembe ya watu wetu. Ndiyo maana, anasema, hawezi kunidai kodi kwa ukali. (Anadai, lakini si kwa ukali.)

Sasa nifike kwetu. Mimi nilizaliwa upande wa Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo, jirani na Mbuga ya Garamba. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1938, na ndiyo ilikuwa nyumba ya mwisho ya kifaru mweupe wa kaskazini duniani kote. Mwaka 1984 walikuwa wamebaki karibu 15. Wakalindwa, wakazaa, wakafika karibu 30 kufikia mwaka 2003. Halafu majangili wenye farasi wakaingia kutoka Sudan, na hesabu ikaanguka tena.

Babu yangu alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi za uwanja wa ndege wa mbuga, pale Nagero. Mwaka 2005 ukatoka mpango wa kuwakamata vifaru watano na kuwapeleka Kenya, wakae salama, warudi siku amani ikirudi. Serikali ya Kinshasa ilikubali kwanza. Lakini watu walipinga kwa nguvu, wanasiasa wakapanda juu ya kelele hizo, na serikali ikageuka. Babu alikuwa katika waliopinga. Mimi nilikuwa na miaka sita, nakumbuka akipiga meza: vifaru ni wetu, leo wanapelekwa Kenya, kesho tutasikia wameuzwa Ulaya. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona vitu vingi vikiondoka Kongo "kwa muda".

Mwaka uliofuata walihesabiwa wanne tu. Baada ya hapo hakuna aliyeonekana tena.

Mwaka 2008, siku ya Noeli, waasi wa LRA waliingia Faradje. Sitaandika siku hiyo hapa. Wiki moja baadaye walishambulia na Nagero. Sisi tuliondoka, mwishowe tukafika Koboko, na mimi nikahamishwa kwenda mahali salama ili nirudi siku amani ikirudi. Maneno ni yale yale, mnayaona.

Vijana niliwaeleza pia habari za kifaru mmoja dume aliyeitwa Sudan, na hiyo ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Alikamatwa mwaka 1975 kule Shambe, Sudan Kusini ya leo, akiwa mdogo wa miaka miwili hivi. Akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki. Akakaa miaka 34 kwenye baridi, akazaa huko. Desemba 2009 yeye na wenzake watatu wakarudishwa Afrika kwa ndege, lakini si kwao: waliwekwa Ol Pejeta, Kenya, wakilindwa na askari wenye silaha usiku na mchana.

"Huyo ni mkimbizi kamili," akasema kijana wa Yei. "Alipata nchi ya tatu, akarudishwa."

"Na hakuulizwa hata mahojiano," mwingine akajibu. Tulicheka mpaka rangi ikamwagika.

Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Alikuwa dume wa mwisho. Waliobaki duniani ni wawili, wote majike: binti yake Najin, aliyezaliwa 1989, na mjukuu wake Fatu, aliyezaliwa 2000. Wote walizaliwa Ucheki. Wataalamu wanachukua mayai ya Fatu, wanayaunganisha na mbegu za madume waliokufa zilizohifadhiwa kwenye baridi kali, ili siku moja jike wa kifaru wa kusini abebe mimba kwa niaba yao. Vifaru wa kusini ni ndugu zao, nao wapo wengi. Mwaka 2023 walipelekwa 16 hata Garamba, kutoka Afrika Kusini, wakale nyasi ambazo wenyewe hawapo.

Basi msichana wa Ofua, jibu lako ni hilo. Wako wawili, wako Kenya.

Ukuta tuliumaliza siku ya tatu. Yule mtoto wa miaka 14 hakutaka kutupa karatasi yake, kwa hiyo tukamwachia pembeni, achore kile chake karibu na mlango, na ukiingia unapita katikati ya vyote viwili. Mama mmoja alilalamika kwamba nyumba ya vijana haifai kuwa na kifaru cha vita. Mtoto akamjibu kwa heshima kwamba hicho kimeharibika, hakina mafuta.

Niliporudi Koboko nilimpigia babu, ambaye alirudi Faradje zamani na sasa ni mzee sana. Nikamwambia habari za Najin na Fatu, na walinzi wao.

"Kenya?" akauliza.

"Ndiyo babu. Kenya."

"Na wanaume?"

"Hakuna."

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza kama mvua imenyesha Koboko, na kama mahindi yamebeba.