Usimbaji wa ng' katika maandishi ya kidijitali
Usimbaji wa ng' ni namna kompyuta na simu zinavyohifadhi ritifaa inayoandikwa baada ya ng katika Kiswahili, Kibukusu na Kisabaoti. Lugha hizi tatu husikika kila siku Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya.

Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake, haina nafasi moja ya ng' nzima. Kikorea kimetendewa vizuri zaidi: tangu toleo la 2.0 la mwaka 1996 silabi zake za kisasa, 11,172, zina nafasi kila moja kuanzia U+AC00, ingawa silabi hiyohiyo yaweza pia kuundwa kwa herufi zake. Programu husawazisha maumbo hayo mawili, kwa kuwa Unicode inayatambua kuwa sawa.

Kwa ritifaa hakuna usawazishaji wa aina hiyo. Alama ya kibodi ni U+0027, iliyopinda ni U+2019, na ile iliyokusudiwa kuwa herufi ni U+02BC. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo kwa baiti, huchukua baiti 1, 3 na 2 mtawalia. Mkulima wa Kitale akitafuta «ng'ombe» kwa alama ya kibodi, faili lililoandikwa kwa iliyopinda laweza lisionekane kabisa, japo kwa macho neno ni lilelile. Katika ujumbe mfupi hasara huwa ya pesa: iliyopinda haimo katika alfabeti ya kawaida ya GSM, hivyo kwa kawaida nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70.

U+02BC ndiyo sahihi zaidi kiisimu, lakini kibodi nyingi hazina. Kwa hifadhidata, lililo muhimu ni kuchagua alama moja na kugeuza nyingine zote kabla ya kuhifadhi.