Chuma cha Liemba na kazi ya kupima mionzi hafifu

Mzee wa Buzebazeba, Kigoma, akikusimulia habari za meli ya Liemba, atataja vita, safari za Mpulungu na magunia ya dagaa. Chuma chake hakitaji, nacho kina historia yake.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo mabamba yake ya awali yalitoka tanuruni miaka zaidi ya 30 kabla ya bomu la kwanza la atomiki, Julai 1945.

Baada ya hapo majaribio ya mabomu yalitawanya chembe zenye mionzi hewani, dunia nzima. Matanuru ya chuma hutumia hewa nyingi, na chembe hizo zikaingia kwenye chuma kipya. Ni kidogo mno kumdhuru mtu. Humsumbua mtaalamu anayepima mionzi hafifu, maana ukuta wa chuma wa kukinga kipimo chake nao unatoa mionzi. Ndiyo sababu maabara zilitafuta chuma cha manowari za Kijerumani zilizozama Scapa Flow, Scotland, mwaka 1919.

Vipimo vyenyewe vilikua taratibu. Kile cha Geiger na Müller, cha 1928, kilihesabu mionzi bila kujua imetoka kwenye nini. Mwaka 1948 mwanafizikia Robert Hofstadter alionyesha kuwa fuwele ya sodiamu iodaidi yenye thaliamu kidogo humeta ikipigwa na mionzi ya gama. Miaka ya 1960 ikaja jemaniamu, na hapo ndipo mambo yalipobadilika: inatenganisha kwa usahihi zaidi siziamu-137 ya mabomu na potasiamu-40 iliyomo kwenye ndizi na maharage tangu zamani. Ila sharti ipozwe sana, mara nyingi kwa nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Arusha, hupima vyakula vinavyovuka mipaka. Dagaa wa kupimwa hukaushwa, husagwa na kufungwa koponi. Kopo huwekwa kwenye kipimo cha jemaniamu, ndani ya kuta nene za risasi, mashine ikahesabu kwa saa nyingi.

Hewa imesafika tangu mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya mabomu hewani, na chuma kipya kinafaa kwa kazi nyingi. Hata hivyo nawaomba wanaoikarabati Liemba: bamba la 1913 likitolewa, lisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu kabla kipande chake hakijapimwa Arusha.