Ordu: Hema la Khan Lililoipa Lugha Jina

Katika bonde la mto Orkhon, Mongolia, kuna jiwe la mwaka 732 lililochongwa kumkumbuka Kül Tegin, mwanamfalme wa Waturuki wa kale. Linasimulia siku maadui walipoivamia kambi kuu. Kül Tegin alipanda farasi mweupe, akawadunga watu tisa, kambi haikutekwa. Bila yeye, jiwe linasema, mama na dada wa ukoo wangekuwa watumwa.

Kambi hiyo inaitwa ordu.

Haikuwa kambi yoyote tu. Ordu ni pale liliposimama hema la khan, yaani mtawala, mwenyewe, pamoja na familia, hazina na walinzi wake. Wafugaji wa nyika hawakuhitaji mji wa mawe ili watawale: hema likisimikwa, amri hutoka hapo, likikunjwa, makao makuu yamehama.

Mwaka 1253 mtawa William wa Rubruck alifika kambi ya Batu, mjukuu wa Genghis Khan, karibu na mto Volga. Aliiona kubwa kama mji. Akaandika kwamba wenyeji huiita orda, yaani katikati, kwa kuwa khan hukaa daima katikati ya watu wake. Kila mtu alijua upande wa kupiga hema lake, na kusini, mbele ya mlango wa khan, hakuna aliyethubutu. Hata hivyo, neno hilo lilipoingia lugha za Ulaya Magharibi likawa jina la kundi la watu wasio na mpango. Ni dhuluma ya wazi.

India ililitendea haki. Chini ya Wamughal, watawala wa India wakati huo, Delhi ya mfalme Shah Jahan, ambaye Ngome yake Nyekundu ilikamilika mwaka 1648, iliitwa Urdu-e-Mualla, kambi tukufu. Lugha ya watu wa kambi hiyo ikaitwa kwa jina lake, na kufikia mwishoni mwa karne ya 18 jina refu lilikuwa limefupishwa: Kiurdu, ambacho leo ni lugha ya taifa ya Pakistan.

Kwa Kituruki cha leo, ordu ni jeshi zima. Kiarabu nacho kina askar, jeshi. Kiswahili kimeuchukua mzizi huohuo na kumpa mtu mmoja tu: askari.