Isotopi thabiti katika uchunguzi wa lishe ya papa

Isotopi thabiti ni atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito na zisizotoa mionzi. Katika utafiti wa papa hupimwa hasa uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12, na wa naitrojeni-15 kwa naitrojeni-14, ili kujua mnyama amejengwa na chakula gani.

Njia ya awali ilikuwa kupasua tumbo. Mara nyingi lilikutwa tupu, na hata likiwa na kitu lilionyesha mlo wa mwisho tu. Tena si kila kinachomezwa hujenga mwili.

Naitrojeni-15 huongezeka kila kiumbe anapomla mwingine, hivyo huonyesha ngazi ya mlaji. Kaboni-13 hubadilika kidogo, kwa hiyo huhifadhi alama ya chanzo: nyasi bahari huwa nayo nyingi kuliko vijimea vinavyoelea baharini.

Ushahidi mzuri unatoka kwa *Sphyrna tiburo*, papa mdogo wa jamii ya mbingusi anayeishi pwani za Amerika. Baadhi walikutwa na nyasi bahari zinazozidi nusu ya uzito wa vilivyomo tumboni, ikadhaniwa kuwa wamezimeza kwa bahati mbaya wakiwinda kaa. Samantha Leigh, Yannis Papastamatiou na Donovan German walikuza nyasi zilizoongezewa kaboni-13, wakawalisha papa hao mlo wa asilimia 90 nyasi na asilimia 10 ngisi. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba papa waliongezeka uzito, walimeng'enya karibu nusu ya nyasi, na kaboni hiyo ikaonekana katika damu na ini. Papa huyu, basi, hula nyama na mimea pia, jambo ambalo tumbo peke yake lisingeweza kulithibitisha.

Vipimo vya papa vina mtego wake. Miili yao hubeba urea nyingi inayowasaidia kuhimili chumvi ya bahari, nayo ina naitrojeni-15 chache. Sampuli isipooshwa vizuri kwa maji, papa huonekana yuko ngazi ya chini kuliko alipo. Mafuta nayo hushusha kaboni-13. Isitoshe, majaribio ya kuwafuga yametoa ongezeko la naitrojeni-15 la sehemu 2.3 kwa elfu kwa baadhi ya spishi na 3.7 kwa nyingine. Pengo hilo ni kubwa, na utafiti unaotaja ngazi ya papa bila kueleza kiwango ulichotumia haufai kutegemewa.

Kila tishu ina muda wake. Majimaji ya damu hueleza miezi, misuli zaidi ya mwaka, na pingili za uti wa mgongo maisha yote, kwa kuwa tabaka zake hazivunjwi zikishajengwa. Mwaka 2006, pingili za papa weupe wa Atlantiki ya kaskazini-magharibi zilionyesha kwamba wakizidi urefu wa mita 3.4 hivi hupanda ngazi, wakitoka kwenye samaki kwenda kwa mamalia wa baharini. Tabaka za ndani kabisa husomwa kwa tahadhari: zilijengwa kabla ya kuzaliwa, kwa chakula cha mama.