Pamba ya Meatu, kutoka shambani hadi kwenye kidonda

Chukua pamba kidogo kwenye rundo la chama cha msingi cha ushirika huku Mwanhuzi, wilayani Meatu, itoe mbegu, uitie kwenye bakuli la maji. Itaelea. Sasa tia pamba ya duka la dawa: itazama ndani ya sekunde 10. Mmea ni uleule. Tofauti yake ni nta nyembamba inayofunika nyuzi za pamba ghafi na kuzuia maji. Nta hiyo huondolewa kwa kuichemsha pamba na magadi makali ya kiwandani, kisha pamba yenyewe huoshwa na kung'arishwa.

Hatua hiyo ndiyo iliyoipeleka pamba hospitalini. Mwaka 1880 Sampson Gamgee, daktari wa upasuaji mjini Birmingham, Uingereza, aliweka pamba iliyotolewa nta katikati ya shashi ili inyonye damu na usaha wa vidonda. Mwaka 1943, Virginia Kneeland Frantz wa New York alieleza pamba iliyotiwa kemikali ambayo huzuia damu wakati wa upasuaji, kisha huyeyuka yenyewe mwilini. Mwaka huohuo, Willem Kolff wa Uholanzi alimsafishia damu mgonjwa wa figo kwa mirija ya selofeni, utando wa selulosi. Selulosi ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi wa pamba. Baadaye, manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa yalitumika kwa miongo mingi kutengenezea utando wa mashine za figo.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini Tanzania, na wilaya yake ya Meatu imelima pamba ya kilimo hai tangu 1994 kupitia mradi wa bioRe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa nyuzi tu, nasi hununua bandeji za ng'ambo. Miaka ya 2010 mkoa ulitangaza mpango wa kiwanda cha vifaa tiba vya pamba wilayani Bariadi. Wazo hilo ni sahihi na linastahili kusukumwa hadi mwisho. Kazi ya kutoa nta inajulikana tangu karne ya 19. Inataka maji safi, umeme wa uhakika, usimamizi mkali wa usafi na mnunuzi wa kudumu. Hospitali zetu zinatumia pamba kila siku. Zikiahidi kununua ya Simiyu, mkulima wa Meatu atakuwa na soko lisilosubiri bei ya dunia.