Mning'inio: Istilahi ya Gurudumu Linaposhuka

Shika pikapu ya rimoti kwenye chasisi, uinyanyue taratibu kutoka mezani. Magurudumu hayaondoki papo hapo. Yanabaki yamegusa meza kwa muda, amu zinainama, shokapu zinarefuka, kisha zinagota mwisho ndipo tairi zinaachia. Umbali huo ambao gurudumu limeshuka, kuanzia pale lilipokuwa pikapu ilipokaa kwa uzito wake hadi pale shokapu ilipogota, Wamarekani wanaoshindana kwenye njia za udongo wanauita droop. Kwa Kiswahili napendekeza tuuite mning'inio.

Jina lenyewe limeundwa kwa njia tuliyoizoea: teremka hutupa mteremko, zunguka mzunguko, sukuma msukumo. Na kitenzi kimo tayari midomoni mwa mafundi. Gari likipandishwa jeki, gurudumu linaning'inia. Kikwazo ni kimoja tu. Anayetafsiri neno suspension kwa kufuata asili yake atalifikia neno hilohilo na kuupa mfumo mzima. Kiingereza kililipata jina hilo kwa haki, kwa sababu zamani bodi ya gari la farasi ilibebwa kweli na mikanda ya ngozi. Makochi ya Concord, yaliyoanza kutengenezwa New Hampshire mwaka 1827, yalipata sifa kwa mikanda hiyo. Lakini gari la leo halijatundikwa popote, limekalia springi. Gereji zetu husema sasipensheni, kisha zikataja springi, shokapu na bushi, na hakuna anayepotea. Mfumo ubaki na jina hilo, na mning'inio tuupe kitu kinachoning'inia kweli.

Kwa nini kipimo hiki kidogo kidai jina lake? Chukua pikapu kama Traxxas Slash, iliyotoka mwaka 2008, ya kipimo cha moja kwa kumi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Iweke kwenye njia ya duaradufu ya udongo, ambako mbio huzunguka kushoto tu. Kwenye kona uzito unahamia kulia. Springi za kulia zinabonyea, na upande wa kushoto bodi inainuka. Dereva akibana triga ili atoke konani, uzito unarudi nyuma na pua nayo inapanda. Gurudumu linaloachiwa mzigo kuliko yote ni la mbele kushoto, na kuendelea kwake kugusa udongo kunategemea mning'inio uliobaki.

La nyuma kushoto lina hatari yake. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule kusiko na ukinzani, kwa hiyo tairi hilo likiinuka linazunguka bure hewani huku la kulia likikosa nguvu ya kusukuma. Pikapu inapoteza mwendo mahali penye thamani kuliko pote, yaani pale inapoanza kunyooka. Kwenye njia yenye mashimo jambo hili linaonekana wazi zaidi, kwa kuwa gurudumu lenye mning'inio mfupi haliwezi kushuka shimoni. Linaruka juu yake.

Basi mning'inio mrefu ndio mzuri? Si daima. Pikapu hizi zina bodi ndefu kwenda juu, na udongo wenye unyevunyevu hung'ang'ania tairi. Bodi ikiachiwa kuinuka sana upande wa ndani, pikapu inaweza kupinduka. Hapo ndipo watu hupunguza mning'inio. Nisisitize hapa, maana wengi husema kwamba mning'inio ndio unaohamisha uzito. Kiasi cha uzito kinachohama hutegemea hasa ukali wa kona au wa kuongeza mwendo, kimo cha kitovu cha uzito, upana wa gari na umbali kati ya ekseli. Mning'inio unaamua bodi ipande kiasi gani kabla gurudumu halijang'oka chini.

Kuuseti ni kazi ya mikono. Katika pikapu nyingi unafungua shokapu na kupanga washa ndogo za plastiki kwenye fimbo, chini ya pistoni, ili fimbo isitoke yote. Washa ya milimita moja haipunguzi milimita moja kwenye tairi. Shokapu imefungwa katikati ya amu, si mwishoni, kwa hiyo ikiwa imeshika nusu ya urefu wa amu, milimita moja hapo ni karibu mbili kwenye gurudumu. Pima kwa vernia kalipa, tundu la juu hadi tundu la chini, shokapu ikiwa imenyooka.

Mtego mkubwa uko kwenye ringi ya springi. Ukiikaza ili pikapu ikae juu zaidi, shokapu iliyonyooka haijabadilika urefu hata kidogo, ila kituo cha kuanzia kimesogea karibu na kile cha mwisho. Umepunguza mning'inio bila kuugusa. Ndiyo maana kimo cha kusimama husetiwa kwanza, betri na bodi zikiwa mahali pake, na mning'inio hufuata.

Nimeyapima majina mengine. Mlegeo linamfanya msikilizaji adhani kuna kitu kimelegea na kinahitaji kukazwa. Mshuko lina utata, kwani bodi nayo hushuka dereva anapofunga breki. Drupu lingetamkika vizuri, lakini halimwambii chochote kijana anayefungua shokapu kwa mara ya kwanza. Mning'inio linamwonyesha la kufanya: nyanyua, tazama kinachoning'inia, pima.

Mwenzake ni mbonyeo, safari ya gurudumu kwenda juu. Najua mbonyeo pia ni alama inayobaki kwenye bati lililogongwa, ila sioni mahali ambapo maana hizo mbili zitagongana. Zile washa za ndani ya shokapu tuziite vizuia mning'inio. Kwenye karatasi ya seti kila gurudumu lipewe nafasi yake, kwa sababu kwenye duaradufu kushoto na kulia havilazimiki kulingana. Kona inakula mning'inio wa kushoto na mbonyeo wa kulia. Njia ikikauka na kung'aa baada ya raundi kadhaa, tairi zikaanza kuteleza, fundi anaweza kuchomoa kizuia mning'inio kimoja cha nyuma kushoto, akaandika kipimo kipya kando ya cha zamani, na kuirudisha pikapu njiani.